Usiikate Bahari Katikati

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mama yangu anauza viazi karai jioni, nami humpiga picha na video niweke kwenye status ya WhatsApp. Kaka aliniambia nifuate kanuni ya theluthi. Nimewasha ile mistari kwenye kamera ya simu, lakini picha bado zimepooza, na za bahari ndizo mbaya zaidi. Nakosea wapi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mistari hiyo, miwili imelala na miwili imesimama, inagawa picha vyumba tisa, na inakutana mahali panne. Kanuni ya theluthi ndiyo hii: jambo kuu likae penye mstari au pale mistari inapokutana, si katikati. Ni mambo ya kale kuliko kamera: Mwingereza John Thomas Smith aliiandika kanuni hii mwaka 1797, akizungumzia michoro ya mandhari. Ila mistari haikuchagulii unachotaka kuonyesha. Hilo ni lako, na lazima lije kwanza.

Ukiwa juu ya feri, nusu maji nusu anga, jicho halijui litue wapi. Mawingu yakiwa ndiyo yaliyokuvutia, shusha upeo wa bahari hadi mstari wa chini. Ikiwa ni mashua na mawimbi, upandishe hadi wa juu. Na uwe umenyooka. Bahari iliyoinama huonekana kama inamwagika.

Sasa mama. Usimbandike uso katikati kama picha ya kitambulisho. Akiwa anatazama karai lililo kulia kwake kwenye picha, macho yake yakae pale mistari inapokutana juu kushoto, na karai pale chini kulia. Nafasi iliyobaki kati ya macho na mafuta ndiyo inayompa mtazamaji njia ya kupita. Nilifunzwa hili studio, Mwembe Tayari, enzi za filamu ya picha 36. Nilimpiga bibi arusi akitazama ukingo wa picha, pua karibu iguse fremu. Mamake aliishika picha ile kwa muda, akaniuliza, “Mbona mwanangu anatazama ukuta?” Hakukuwa na ukuta. Ni mimi niliyemnyima nafasi mbele ya macho, na filamu ilikwisha, siku ya harusi hairudi.

Kwenye video ni hivyo hivyo: mteja akija anatembea, mwachie theluthi mbili mbele yake. Simu ikiwa wima, karai lipandishe kidogo juu ya mstari wa chini, kwa sababu maneno unayoandika kwenye status hukaa huko na yatavifunika viazi.

Lakini ukivuka kwenda Mji wa Kale ukakuta mlango wa nakshi, sahau theluthi. Simama mbele yake sawasawa, mfaa, ule mti uliosimama katikati ya mlango, upite katikati kabisa ya picha. Fundi aliupima ubao kwa ubao ili pande mbili zilingane. Ukiusogeza pembeni unamharibia kazi yake.