Kwa mnaoanza kubuni michezo ya kufundisha maumbile bustanini

Wengi mnaoingia kwenye kazi hii mnaanza na kibao: maandishi gani, picha gani, kisha mnatafuta kifuniko cha kufunua ili kinogeshe. Geuzeni utaratibu huo. Anzeni na kitu ambacho mtoto atakifanya kwa mwili wake, na tendo hilo lenyewe liwe somo. Kipimo changu ni hiki: maandishi yote yakiondolewa, je, anayecheza bado atagundua jambo?

Chukueni simu ya gogo. Mmoja anatega sikio kwenye ncha ya gogo refu, mwenzake anakwaruza ncha ya pili kwa ukucha, taratibu. Aliyesimama kando hasikii kitu. Aliyetega sikio anasikia kila mkwaruzo. Hewani sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ndani ya mti mkavu, ikifuata nyuzi, hupita mita 3,000. Akishasikia hivyo, mwonyesheni kigogota anayechagua tawi kavu linalovuma ili kutangaza eneo lake. Ataelewa mara moja.

Ila gogo bovu huharibu mchezo wote. Likiwa na ufa au kiini kilichooza, sauti hufifia njiani. Tafuteni gumu, lililokauka vizuri, lilazwe juu ya vigingi viwili vyembamba bila kugusa udongo, maana udongo humeza mtetemo na huleta mchwa. Ncha zake zifikiwe na mtoto mdogo na pia na aliye kwenye kiti cha magurudumu.

Shimo la mchanga la kuruka nalo nalipenda sana. Wekeni alama mbili za umbali wa kuruka: swala pala, mita 10 hivi; na mwanariadha Mike Powell, mwenye rekodi ya dunia ya kuruka umbali tangu 1991, mita 8.95. Mtoto anaruka, anatazama alipotua, kisha anarudi kuruka tena.

Usalama msiukisie. Kiwango cha Ulaya cha usalama wa vifaa vya kuchezea bustanini, EN 1176, hukagua matundu yanayoweza kunasa kichwa. Epukeni upana wa kati ya milimita 89 na 230.

Kabla ya kuagiza mbao za bei, tengenezeni mfano kwa maboksi, uwekeni palepale, mkae pembeni kimya. Watoto wakilipanda gogo badala ya kulisikiliza, msiandike "Usipande". Wekeni jingine la kupanda jirani. Na mjue kwa jina mtunza bustani atakayekaza nati na kusafisha mchanga. Kifaa kisicho na mtu wa kukitunza, kiondoeni kwenye mchoro.