Dar hadi Iringa na mbwa garini: Mikumi unapitaje naye?

SWALI

Shikamoo daktari. Tunaishi Mbezi, Dar es Salaam. Tuna mbwa jike wa miaka mitatu, mchanganyiko wa German Shepherd, kilo 28. Desemba tunakwenda Iringa kwa gari, watu wanne na yeye, na tungependa kupiga kambi usiku mmoja Mikumi. Je, tunaweza kuingia naye hifadhini kama hashuki garini? Kichaa cha mbwa alichanjwa akiwa mdogo. Tatizo lake jingine ni kutapika njiani. Tumwandae vipi?

JIBU

Marahaba. Hifadhini hamtaingia naye, hata mkifunga vioo vyote. Mnyama wa kufugwa haruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, na mkifika naye getini mtarudishwa. Wengi hudhani katazo hili limewekwa ili mbwa asiliwe na simba. Hatari kubwa zaidi inatoka kwa mbwa kwenda kwa simba. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi tunaowachanja mbwa kila siku, iliingia kwa simba wa Serengeti, na takriban theluthi moja yao wakafa. Chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Miaka michache kabla ya hapo, kichaa cha mbwa kilikuwa kimewapiga mbwa mwitu wa huko huko. Mikumi ina simba na ina mbwa mwitu, kwa hiyo katazo hili naliunga mkono kwa moyo wote.

Barabara kuu ya Dar–Iringa ni suala jingine. Inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na hapo ninyi ni wasafiri mnaopita tu. Mbwa anapita nanyi, lakini gari halisimami, mlango haufunguliwi na vioo vinabaki juu. Kama ni kukojoa, amalizie kabla. Mshusheni Morogoro, kisha asishuke tena hadi Mikumi mjini, upande wa pili wa hifadhi. Ni kilomita kama 120, na kwa sababu ndani ya hifadhi mwendo ni wa polepole, hesabuni saa mbili.

Kuhusu kambi, za ndani ya hifadhi kwenu hazipo. Mikumi mjini kuna kambi na nyumba za wageni za watu binafsi nje ya mpaka. Pigeni simu mapema, mtaje kwamba mna mbwa wa kilo 28, na jibu lao mlipate kwa ujumbe wa maandishi, maana aliyepokea simu huenda asiwepo siku mnayofika. Ushauri wangu lakini ni kwamba usiku wa kambi muuhamishie Iringa. Kule mko juu, usiku ni baridi na mbwa analala vizuri. Mikumi ni joto, kuna mbung'o, na fisi na chui hawajui mpaka wa hifadhi unaishia wapi. Mkitoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri, Iringa mnafika siku hiyo hiyo kwenye saa tisa au saa kumi alasiri.

Kama watoto wanataka sana kuona tembo, mtu mzima mmoja abaki mjini na mbwa chumbani, wengine waingie hifadhini asubuhi. Msimwache kwenye gari lililoegeshwa getini, hata kivulini, hata kwa dakika chache. Nje kukiwa na nyuzi 29, ndani ya gari hufika kama 40 kwa dakika kumi, na karibu 48 kwa nusu saa. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha kumwokoa.

Maandalizi yaanze mwanzoni mwa Novemba. Chanjo ya utotoni haimlindi mbwa wa miaka mitatu. Ile ya kichaa cha mbwa irudiwe sasa, kisha kila mwaka. Pamoja nayo apate chanjo ya mchanganyiko yenye distempa na parvo, virusi vya kuhara damu, na kama hamna kumbukumbu ya ile ya mwanzo, sindano zitakuwa mbili zikipishana wiki tatu hadi nne. Ndiyo maana nasema Novemba. Anayechanjwa siku mbili kabla ya safari anasafiri na karatasi tu, kinga bado haijajengeka. Kadi ya chanjo ikae kwenye dashibodi, isifungiwe kwenye begi. Piteni pia ofisi ya mifugo ya halmashauri yenu, muwaeleze mnakotoka na mnakokwenda, maana wao ndio wanaoandika vibali vya kusafirisha wanyama.

Sasa kutapika. Mbwa wengi wanaotapika garini wameingia humo mara chache sana, na karibu kila mara wakipelekwa kudungwa sindano. Gari kwake ni kitisho. Kwa wiki mbili, kila siku mwingizeni injini ikiwa imezimwa, mpeni kipande cha nyama, ashuke. Akizoea, washeni injini bila kuondoka. Kisha dakika tano za barabara, kisha kumi na tano, na mwisho wa safari uwe mahali anapopapenda. Mlo kamili wa mwisho apewe jioni ya kuamkia safari.

Kama bado anatapika, kuna dawa iitwayo maropitanti ambayo daktari wenu atamwandikia. Hapa ndipo watu hukosea: kwa kutapika kwa kawaida kipimo cha vidonge ni miligramu 2 kwa kila kilo, lakini kwa kichefuchefu cha safari ni miligramu 8. Mtu huchukua vidonge vilivyobaki nyumbani, akatoa kile kipimo kidogo, mbwa akatapika Chalinze, na dawa ikasingiziwa kwamba haifai. Apewe angalau saa moja kabla ya kuondoka, na tonge dogo la chakula, na isizidi siku mbili mfululizo. Msimpe dawa za usingizi za binadamu. Mbwa aliyeleweshwa hawezi kujisawazisha gari linapokata kona, na joto la mwili wake haliwezi kujirekebisha vizuri.

Desemba ni mvua, nyasi ni ndefu na kupe ni wengi. Kupe wa mbwa hueneza homa mbili ambazo zinaua: babesia, inayopasua chembe nyekundu za damu, na erlikia, inayoshambulia chembe nyeupe na kumaliza uwezo wa damu kuganda. Babesia kwa kawaida inahitaji kupe awe ameng'ang'ania siku moja au mbili, ila erlikia huweza kupita ndani ya saa chache. Kumkagua jioni kwa hiyo hakutoshi peke yake. Kidonge cha kuua kupe kiitwacho fluralana hudumu wiki 12, na kwa mbwa wa kilo 20 hadi 40 ni kile cha miligramu 1,000. Ale kidonge pamoja na chakula, kwa sababu tumboni patupu dawa hainyonywi vizuri. Mpeni siku tatu au nne kabla ya safari, na kama amewahi kuanguka kifafa mwambieni daktari kwanza. Msimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa makadirio ya kifuniko cha chupa. Mbwa wanalazwa kwa sumu hiyo kila msimu wa mvua.

Kila jioni mkagueni pia kwa mikono: ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Kupe mshikeni kwa koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, mvuteni moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa na moto wa kiberiti humfanya ateme mate yenye vimelea ndani ya jeraha.

Siku ya safari avae mkanda wa kifuani, na kamba fupi ifungwe kwenye mkanda huo na kwenye mkanda wa kiti cha nyuma. Isifungwe kwenye kola, breki moja kali inaweza kumvunja shingo. Kizimba ni bora zaidi kama gari lina nafasi: asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale amejinyoosha, na kizimba chenyewe kifungwe kisiteleze. Nyuma ya pikapu asipandishwe.

Maji ni mililita 50 hadi 60 kwa kilo kwa siku, yaani lita moja na nusu kwake, na kwenye joto mara mbili ya hapo. Bebeni lita tano za kwake peke yake, ili zibaki za kummwagia. Simameni kila baada ya saa mbili, dakika kumi na tano, kivulini. Kabla hajashuka, mmoja wenu aweke mgongo wa kiganja kwenye lami kwa sekunde saba. Akishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo zitaungua.

Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni mtapita saa za joto kali. Mkipumzika kule bondeni, mbwa anywe kwenye bakuli lake. Mtoni asikaribie, Ruaha Mkuu una mamba. Mkiona anahema kwa nguvu bila kukoma, ulimi umekuwa mwekundu sana, mate yanavutika na anayumba, hilo ni pigo la joto. Mpozeni hapo hapo kabla ya kumkimbiza popote: kivulini, maji mwili mzima hasa tumboni na mapajani, na mpepeeni. Bebeni kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, na akishuka hadi 39.5 acheni kumwagia, asije akaporomoka kupita kiasi. Kisha daktari, hata akionekana amepona, kwa sababu figo na damu huharibika saa kadhaa baadaye.

Kitonga mnajua kona zake. Dereva apande taratibu, na kioo kifunguliwe kidogo apate hewa, bila kumruhusu atoe kichwa nje.

Kambini asifungwe kwenye mti usiku. Chui humpenda mbwa kuliko wanyama wengi wa kufugwa, na mbwa aliyefungwa nje ni chambo. Alale ndani ya hema mlilomo au ndani ya nyumba. Kamba ya mita moja na nusu hadi mbili inatosha, hata kwenda kukojoa, na anayemshika awe na tochi inayomulika chini, maana kifutu hulala njiani na hakimbii. Akiumwa na nyoka, msichanje wala kufunga kamba. Mbebeni asitembee, na safari ya kwenda kwa daktari ianze dakika hiyo hiyo. Akitemewa na swila machoni, yaosheni macho hayo kwa maji safi mengi, dakika kumi na tano hadi ishirini, halafu daktari. Mifupa ya nyama choma asipewe, iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Mzoga wowote apitishwe mbali, kimeta hakionekani kwa macho.

Mkivuka Mikumi, vioo viwe juu na kiyoyozi kiwake kwa sababu ya mbung'o. Huyu hufuata kitu kinachotembea, kwa hiyo gari lenu linamwita, hasa likiwa la buluu au jeusi, rangi anazozipenda. Hakuna dawa ya kupaka itakayomzuia kama kioo kilichofungwa. Akiingia, auawe kabla hajafika kwa mbwa wala kwa mtu, kwa sababu binadamu naye hupata malale.

Kwenye hesabu yangu safari haiishi mnaporudi Mbezi. Wiki tatu baada ya hapo angalieni mambo manne kila asubuhi: hamu ya kula, rangi ya fizi, rangi ya mkojo na macho. Fizi zilizopauka na mkojo wa rangi ya kahawa vinaelekeza kwenye babesia. Damu ya pua inaelekeza kwenye erlikia. Jicho likifunga utando wa buluu kama maziwa yaliyotiwa maji, uso ukavimba na tezi za shingo zikajaa, hapo fikirini nagana, ugonjwa wa mbung'o. Yote matatu hutafutwa kwa tone la damu chini ya hadubini.

Msikimbilie dukani kununua dawa ya nagana. Kipakiti cha gramu 2.36 kinachouzwa kwa wafugaji kina miligramu 1,050 za diminazini, kipimo cha ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wenu kwa miligramu 3.5 kwa kilo anahitaji 98 tu, na kwa mbwa nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachoharibu ubongo ni nyembamba. Nusu kipakiti ni zaidi ya mara tano ya anachohitaji.

Mkifika kwa daktari, neno la kwanza liwe kwamba amepita Mikumi, na tarehe. Daktari wa Dar asipoambiwa hivyo atatafuta homa ya kupe, aipate au aikose, na mbung'o hatamkumbuka.