Muulize Fundi: Vanishi ya Meza Imekuwa Nyeupe

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Pasua hapa Moshi, mwezi wa nne nilichongewa meza ya sebuleni ya mkongo, fundi akaipiga vanishi pale pale uani kwake mvua ikiwa ndo imekatika. Ilivyokauka ikatoka na ukungu mweupe juu. Namuuliza, ananiambia niongeze hela apige mkono mwingine utafunika. Ni kweli? – Mama wa Pasua

JIBU: Marahaba mama. Hela usitoe kwanza. Huo weupe ni maji, sio vanishi mbovu. Vanishi nyingi za kupuliza na kompresa ni laka iliyochanganywa na tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, na tina inaruka hewani haraka sana, ikiruka inaupoza uso wa mbao, sasa kwa hewa ya masika unyevu unagandia pale juu na laka inakauka nao humo ndani. Ukipiga mkono mwingine juu yake utakuwa umeufungia kabisa.

Ila inatibika, usiwaze. Subiri siku ya jua, kuanzia saa tano asubuhi hivi umande ukishaisha. Chukua kitambaa cheupe kisafi, dondoshea tina kidogo, shikiza kwenye mguu wa meza kwa ndani pasipoonekana. Ukiona pamelainika panaanza kunata na kitambaa kimetoka na rangi, hiyo ni laka, basi fundi apulize tina tupu, mkono mwepesi sana, laka inalainika upya, unyevu unatoka na ukungu unaisha. Pakikunjamana au pakibaki pagumu vile vile, hiyo sio laka, na hapo hamna njia ya mkato mama, ni msasa mpaka ukungu wote utoke halafu apige upya, na kwa maoni yangu gharama ni ya kwake, yeye ndo kapiga kwenye unyevunyevu.

Halafu hebu pitisha mkono chini ya hiyo meza. Mbao ikiwa kavu na inakwaruza ujue hajapaka kitu, wengi wanapiga juu tu kwa sababu ndo panapoonekana. Sasa juu pamefungwa chini pako wazi, mbao inavuta na kutoa unyevu kwa upande mmoja, ikifika kiangazi unashangaa meza imepinda. Adai hela ya meza, sawa, lakini chini apige hata mkono mmoja, na zile ncha zilizokatwa na msumeno azipe sila, ile ya chini inayoziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi, mara mbili maana hapo ndo mbao inakunywa maji kuliko popote.

SWALI: Fundi mambo vipi, mimi nipo Ngaramtoni, nimenunua kitanda cha sipresi hakijapakwa kitu, nataka kumalizia mwenyewe na brashi. Naanzaje? – Kijana wa Ngaramtoni

JIBU: Poa kijana wangu. Kwanza hakikisha mbao imekauka, maana sipresi nyingi mtaani inauzwa bado mbichi, ukiifunga na vanishi itapasuka au viungo vitalegea. Ikae ndani wiki kadhaa, sio juani, jua kali linaipasua. Kisha msasa namba 120, halafu 180, malizia 240, na uende na nyuzi za mbao usikate katikati, ile mikwaruzo ya kukata huioni mpaka vanishi ikishaingia na hapo ushachelewa. Vile vifundo vyenye utomvu vifute na tina, acha vikauke. Futa vumbi lote, piga sila, ikikauka utaona mbao imesimama vinyweleo, ni kawaida, pitisha msasa 320 kidogo tu. Ndo vanishi sasa, mikono miwili mitatu myembamba, sio mmoja mzito ule unaochuruzika. Kama ni mwezi wa saba na baridi hii ya Arusha, acha siku nzima kati ya mkono na mkono. Na godoro usiliweke siku hiyo hiyo, kukauka kwa kugusa sio kukomaa, likiwekwa mapema linagandia.

SWALI: Nina mafuta ya linsidi (yale ya mbegu za kitani) yaliyobaki, nipake stuli za jikoni? – Msomaji, Sakina

JIBU: Paka tu dada, membamba, yanayobaki juu baada ya dakika kumi na tano hivi futa yote, yasipofutwa yanabaki kunata. Ila yanakinga maji kidogo tu, stuli inayomwagikiwa kila siku ipige vanishi. Na vile vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupia kwenye ndoo ya taka au kona ya stoo, mafuta ya linsidi yakikauka yanatoa joto lenyewe na kitambaa kilichosongwa kinaweza kuwaka bila hata kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.