Kwa mnaotua Ujerumani muhula huu: kadi ya ukaazi haianzii Ausländerbehörde (ofisi ya wageni)

Kila Oktoba ni yale yale. Mtu katua juzi, begi hajafungua, keshauliza kwenye grupu: "Kadi inatoka baada ya siku ngapi?" Anmeldung (kusajili anwani) hajafanya, Termin (miadi ya ofisini) hana, viza inayoyoma. Wadogo zangu, nawapenda, lakini someni hapa kwanza, na usiku mniache nilale.

1. Anmeldung. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Ile Wohnungsgeberbestätigung, karatasi ya mwenye nyumba kuthibitisha kuwa umehamia, iombe siku unayokabidhiwa funguo. Mkataba wa pango hauchukui nafasi yake, na ukibisha utabishana na mama wa dirishani, si mimi.

2. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti: benki, bima, chuo, kila mahali. Nyumbani leo Juma Hamisi, kesho Hamisi Juma, hakuna anayeshtuka. Huku hao ni watu wawili, na mmoja wao hana bima.

3. Sanduku la barua. Hapa naomba tukae kidogo.

Nilipofika nilipokewa na kaka mmoja wa Tanga. Mwenye nyumba akakubali, karatasi akajaza, nikasajiliwa vizuri tu. Ila kubandika jina langu kwenye sanduku lake niliona haya. Mgeni umekaribishwa, unalishwa, halafu uanze kujiandika mlangoni kwa watu? Isitoshe, mimi nimekua nikijua barua unaifuata mwenyewe posta, kwa namba ya S.L.P. Huku majengo mengi hayana hata namba za vyumba. Mpeleka barua anasoma majina. Asipoliona lako, barua inarudi ilikotoka, imeandikwa kuwa mpokeaji hajulikani.

Basi mimi nikawa nasubiri barua ya Termin ya alama za vidole. Kila jioni nafungua kisanduku, nakuta matangazo ya piza. Nikajiaminisha kwamba ofisi imenisahau. Nikaandika barua pepe kali, kwa Kijerumani cha kuokoteza, nikadai haki yangu. Jibu lilikuja mistari miwili: barua zetu zimerudi, je, bado unaishi hapo? Kumbe Termin ilishapita. Na ofisi ya usajili wa wakazi nayo ilikuwa imeanza kuulizia kama nimehama. Ikiridhika kuwa haupo, inakufuta kwenye daftari, na bila anwani hakuna kadi.

Kaka hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa ulitaka wakutambue kwa sura?" Akachana risiti ya dukani, akaandika jina langu nyuma yake, akabandika kwa selotepu chini ya lake. Kazi ya dakika moja. Mimi nikarudi mwisho wa foleni, viza imekwisha, natembea na Fiktionsbescheinigung, karatasi ya muda ya kusubiria kadi, mfukoni huku wenzangu tuliofika pamoja wanaonyeshana kadi.

4. Hiyo Fiktionsbescheinigung unaipata ukiomba kabla viza haijaisha, kwa hiyo tunza ushahidi wa tarehe uliyotuma maombi. Kabla ya kukata tiketi ya kwenda nyumbani, angalia kwenye karatasi hiyo kisanduku kilichotiwa alama: kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, aya ya 4, unaruhusiwa kurudi, aya ya 3, tulia huku huku.

5. Sperrkonto, ile akaunti inayofungia pesa zako za kujikimu, ni euro 992 kwa mwezi tangu Septemba 2024. Picha za kadi ni za kidijitali tangu Mei 2025. Zile ulizopiga Kariakoo peleka kwa bibi. Kadi inachapwa Bundesdruckerei, kiwanda cha uchapaji cha serikali, Berlin, na barua ya PIN ya kadi inakuja peke yake kwa posta. Kwa posta, narudia. Zusatzblatt, karatasi ya kijani inayoambatana na kadi, usiitupe, ndiyo inayomwonyesha bosi kuwa unaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku.

6. Kuhama mji katikati ya maombi. Faili lako nalo linahama ofisi, kwa mwendo wa kobe. Dada mmoja alifuata chumba cha bei nafuu mji wa jirani, na alichookoa kwenye kodi kikaishia kwenye nauli za kufuatilia faili. Hama ukishapata kadi, kama mwenye nyumba atakuvumilia.