Usichore miili: jibu kwa aliyeuliza kuhusu picha ya ajali ya kivuko

Ndugu yangu, umeuliza utawezaje kumaliza picha ya ajali ya kivuko kwa siku 10, na kama uonyeshe maiti. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe mwaka 2016, ilipotimia miaka 20 tangu meli ya abiria MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza tarehe 21 Mei 1996, nami nikaombwa picha ya kumbukumbu zikiwa zimebaki siku 12 tu.

Siku nne za mwanzo nilizimaliza nikichora miili ikielea, na kila nilipoongeza mmoja picha ilizidi kupoa, kwa sababu mtu akionyeshwa maiti hugeuza uso upesi. Ndipo mjomba wangu, aliyefika pale kwa mtumbwi, akanisimulia kwamba meli ilipopinduka tumbo lake lilibaki juu ya maji kwa saa kadhaa, walionaswa ndani wakisikika wakigonga bati. Lilipotobolewa tundu ili waokolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama.

Nilipaka turubai lote rangi nyeupe, nikaanza upya. Safari hii nilichora bati tupu la tumbo la meli, rangi ya kutu, na tundu moja dogo lililozungukwa na kingo zilizokunjamana. Nilitumia akriliki, rangi inayokauka upesi, kwa kuwa rangi ya mafuta isingekauka kwa wakati, nikaichanganya na mchanga laini wa ziwani uliochekechwa ili bati lionekane linakwaruza, kisha kingo za tundu nikazivuta kwa ncha ya kisu kabla rangi haijashika.

Mchoraji Mhispania Picasso alianza michoro ya Guernica, picha yake iliyopewa jina la mji wa Hispania, tarehe 1 Mei 1937, siku tano baada ya mji huo kupigwa mabomu na ndege, akamaliza mapema Juni turubai lenye upana wa karibu mita 8, na ndani yake hamna hata ndege moja ya vita. Naamini uhaba wa muda, ukiukubali, hukulazimisha kuchagua kitu kimoja na kuviacha vingine vyote.

Jambo moja usiliruke hata ukibakiwa na saa chache: mwonyeshe kwanza aliyefiwa. Mimi nilimwita mama mmoja jirani, aliyempoteza mumewe katika meli ile. Alisimama muda mrefu, akasogeza kidole karibu na tundu bila kuligusa, kisha akaniomba niviondoe vidole vidogo nilivyovichora vikichungulia pale. Usiku uleule nikavisugua kwa msasa.