Mwanangu hawezi hata kusali: ana thamani gani mbele za Mungu?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbeya, na sisi ni Walutheri. Mwanangu wa pili ana miaka 7 na ana mtindio wa ubongo. Hatembei, hasemi, na kula ni mpaka alishwe. Nilimzaa baada ya uchungu wa siku mbili, na hakulia alipozaliwa. Mwezi ujao wageni wanakuja kumposa wifi yangu, na mama mkwe ameagiza 'hicho kilema' kifungiwe chumba cha nyuma, wageni wasije wakadhani ukoo una mkosi. Hata mimi nimewahi kumfungia kwa mkono wangu. Hatujambatiza, kwa kuwa nyumbani waliona tusubiri apone. Nikimsikia akicheka mvua inapopiga bati, najiuliza: mtoto asiyeweza hata kusali ana thamani gani mbele za Mungu?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama penye neno moja, "hicho". Kiti ni hicho, kikombe ni hicho. Mtoto ni huyo. Kabla mlango wa chumba cha nyuma haujafungwa kwa kufuli, mtoto huyu alikwisha kutolewa miongoni mwa watu kwa ulimi, na Yakobo aliliona jambo hilo aliposema katika waraka wake kwamba kwa ulimi huo huo twamhimidi Mungu, na kwa huo twawalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wake.

Sasa nije kwenye swali lako. Mwanzo sura ya kwanza inasema Mungu aliumba mtu kwa mfano wake, wala haitaji sharti lolote la kutembea, kusema au kusali ndipo mtu astahili mfano huo. Wapo wanaofundisha kwamba mfano wa Mungu ndani yetu ni akili zetu, nami sikubaliani nao hata kidogo, maana ingekuwa hivyo, mzee aliyesahau majina ya wanawe angekuwa amepungukiwa na utu, na kichanga cha juzi kingekuwa hakijaupata. Baada ya anguko na baada ya gharika, katika Mwanzo 9:6, Mungu anakataza damu ya mtu isimwagwe kwa sababu ile ile, kwamba amefanywa kwa mfano wake. Dhambi yenyewe haikuuondoa, sembuse udhaifu wa misuli. Naye mwimbaji wa Zaburi ya 139 anasema, "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika." Aliyemwona mwanao kabla hajakamilika hangoji akamilike ndipo ampende.

Soma pia 2 Samweli sura ya 9, mkiwa pamoja na mumeo. Mefiboshethi, mjukuu wa mfalme Sauli, aliangushwa na yaya wake akiwa na miaka 5, akawa kiwete, akakulia kwenye nyumba ya watu huko Lo-debari. Daudi alipomwita kwa ajili ya agano lake na Yonathani, baba yake Mefiboshethi, kijana yule alijiita "mbwa mfu". Mjukuu wa mfalme! Jina la namna hiyo mtu hazaliwi nalo. Hulizoea kwa jinsi anavyotazamwa, na ndiyo maana nakusihi usidhani kwamba mtoto asiyesema hasikii kufuli likifungwa. Daudi hakumtaka apone kwanza. Alimpa nafasi mezani pake siku zote, na sura ile inamalizika kwa kutuambia kwamba alikuwa bado ni kiwete wa miguu yote miwili.

Kwa hiyo ubatizo usingoje. Kanisa lenu hubatiza watoto wachanga ambao hawajui hata majina yao, wala mchungaji hamwulizi mtoto ataweza nini. Mwone mchungaji wiki hii, umweleze yote, hata hilo la kufungia. Kusali ataombewa na kanisa, kama sisi sote tulivyoombewa kabla hatujajua kusema.

Kuhusu mkosi, wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilo hilo la mama mkwe walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, naye akawajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Mimi si daktari, lakini uchungu wa muda mrefu na mtoto kutolia ni dalili kwamba huenda alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kukosa hewa ni mojawapo ya sababu zinazojulikana za mtindio wa ubongo. Jeraha la namna hiyo halirithiwi, wala wifi yako hana la kulificha. Mpelekeni hospitali ya mkoa akaonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na unapomlisha awe ameketi wima, asilale chali, asije akapaliwa.

Mazungumzo na mama mkwe si yako, mwanangu. Ni ya mumeo, maana yeye ndiye mtoto wake, na ukimya wake katika barua yako umenisumbua kuliko maneno ya bibi. Aende na baba mdogo au mzee wa kanisa, jioni, kwa heshima zote, aseme kwamba mtoto atakuwepo. Bibi naye ana hofu ya binti yake kuachwa, na hofu hiyo isikilizwe hadi mwisho. Ila isilipwe kwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataka mtoto mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, lakini ningependa nyumba yenu ifike hapo kabla ya kukumbushwa sheria.

Nawe uliyemfungia, umekwisha kuungama kwa kuniandikia. Usijiite mama mbaya. Umemlisha kijiko kwa kijiko kwa miaka 7. Siku ya posa mwogeshe mapema, mvishe shati kama la kaka zake, mkalishe sebuleni karibu nawe. Wageni wakiuliza huyu ni nani, watajie jina lake.