Nenda kwenye kisima, waachie watu koma zao

Mara ya kwanza kufika kwenye kisima cha Mtakatifu Brigid, nje kidogo ya mji wa Kildare, Ayalandi, nilikuwa na kipande cha mtandio mfukoni. Nilishaona picha za mti ulio pale, matawi yamefungwa vitambaa vya kila rangi, na picha hizo zilinikumbusha hawe, nyanya yangu. Kwetu Ganze, ndani ndani ya Kilifi, hawe alikuwa akifunga vitambaa vyeupe na vyekundu kwenye koma za ukoo, vile vijiti vilivyosimikwa ardhini, kila kimoja na marehemu wake. Kwa miaka yote niliyokaa ughaibuni, hakuna kitu kilichokuwa kimenirudisha nyumbani namna ile.

Nikafunga changu. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akichota maji kwa chupa akangoja nimalize, kisha akaniuliza kwa upole kitambaa kile ni cha nini. Nikadhani anauliza nia yangu. Kumbe alitaka kujua kama ni pamba. "Kinatakiwa kioze," akaniambia. "Kikioza, maradhi nayo yanaondoka. Hicho chako hakitaoza, kitaunyonga mti." Kilikuwa polista. Nikaanza kukifungua, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, fundo limekaza, naye akanishikia tawi lisivunjike. Tulipomaliza akanionyesha upande wa kuzungukia kisima: kwa mkono wa kuume, kama jua linavyokwenda. Neno lake ni deiseal.

Hakuniuliza natoka wapi.

Miezi michache baadaye nilijiunga na kundi moja la mtandaoni la watu wanaofuata imani za kale za Ayalandi. Nilipouliza swali kuhusu usiku wa Brigid, mkesha wa sikukuu yake, mtu mmoja ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kukanyaga kisiwa hiki alinijibu kwamba miungu ile huita damu yake, na kwamba Mwafrika atafute ya kwake. Akaambatanisha na matokeo ya kipimo chake cha DNA, na asilimia zake. Nililia usiku ule.

Naandika haya kwa sababu ujumbe unaonifikia sasa unafanana. Dada aliyeolewa Cork, mwenye watoto wawili. Kijana kutoka Bukavu anayesoma Galway. Mwingine yuko Nakuru, babu yake mzaa mama alikuwa Mwayalandi ambaye hakumwona hata siku moja. Wote wanauliza kitu kimoja: mtu kama mimi anaruhusiwa?

Wadogo zangu, tuanze na neno lenyewe. Kwetu kumwita mtu mpagani ni kumtukana, na ndivyo walivyoitwa hawe na wenzake waliochelewa kubatizwa. Huku wapo wanaojiita hivyo kwa hiari na kwa fahari. Lakini wengi wanaofunga vitambaa kisimani ni Wakatoliki wa kawaida kabisa. Brigid naye ana sura mbili. Yuko mtakatifu aliyeanzisha monasteri ya Kildare, na yuko mungu wa kike wa ushairi, uganga na uhunzi, anayetajwa katika faharasa inayonasibishwa na askofu Cormac, yapata mwaka 900. Katika karne ya 12 Gerald wa Wales aliandika juu ya moto wa Kildare usiozimwa, uliolindwa na masista 19 kwa zamu, na usiku wa ishirini Brigid akiulinda mwenyewe. Mwaka 1993 moto huo uliwashwa tena uwanja wa soko wa Kildare, na waliouwasha ni masista wa Kikatoliki. Basi ukija na haraka ya kutenganisha Ukristo na ya kale, utakuwa unapasua kitu ambacho wenyeji hawajakipasua.

Na Brigid si mgeni kwetu pia. Waayalandi walituletea jina lake pamoja na misheni zao. Wasichana wa St. Brigid's Kiminini wamelibeba miaka yao yote ya sekondari, na nani hana shangazi aitwaye Bridget? Hili huwa linaniuma kidogo, maana katika misheni hizo tulifundishwa kuzikimbia koma, ilhali nyuma ya kijiji alikotoka padre kulikuwa na mti wenye vitambaa.

Sasa damu. Newgrange, lile kaburi kubwa la mawe katika bonde la mto Boyne, lilijengwa takriban miaka 5,200 iliyopita. Asubuhi za siku fupi kuliko zote za mwaka, mwezi Desemba, mwanga wa jua hupenya kijidirisha kilicho juu ya mlango ukaingia hadi chumba cha ndani, ukakaa dakika kama 17. Watu husimama pale wakasema, wazee wangu walijenga hili. Lakini mwaka 2015 wanasayansi walichapisha matokeo ya DNA ya mwanamke aliyezikwa Ballynahatty, karibu na Belfast, zama zile zile za Newgrange, wakamlinganisha na wanaume watatu waliozikwa kisiwa cha Rathlin miaka elfu moja na zaidi baadaye. Wale wa Rathlin wanafanana na Waayalandi wa leo. Yule mama hafanani nao. Asili yake inaelekea kusini, kwa watu kama wa Sardinia. Maana yake baina ya zama hizo mbili waliingia watu wengine wengi. Waliopanga mawe ya Newgrange si wazee wa moja kwa moja wa huyo mwenye asilimia zake, au ni kwa tone dogo sana, na lugha waliyozungumza haijulikani.

Hadithi za Ayalandi zenyewe zinakiri hivyo. Mkusanyiko uitwao Lebor Gabála Érenn, wa karne ya 11, unaeleza kisiwa hiki kilivyoingiwa na kundi baada ya kundi. Tuatha Dé Danann, ambao leo huitwa miungu ya Waayalandi, nao walikuja. Wana wa Míl, wanaohesabiwa kuwa baba wa Waayalandi, walikuja kwa mashua kutoka Hispania, wakawakuta wanawake watatu, Banba, Fódla na Ériu, kila mmoja akiomba nchi iitwe kwa jina lake. Jina Éire linatokana na Ériu. Yaani wageni walifika, wakakuta mwenye ardhi, wakamsikiliza anataka nini. Nilipoisoma nilikumbuka Singwaya. Sisi Wamijikenda pia tunajieleza kwa safari, tunasema tulitoka kaskazini tukakimbilia kwenye misitu mitakatifu iitwayo kaya.

Hata sheria ya nchi haijamaliza ubishi huu. Mwezi Juni 2004 Waayalandi walipiga kura, asilimia 79 wakakubali kwamba kuzaliwa kwenye ardhi ya Ayalandi pekee kusimpe mtoto uraia. Mwanangu alizaliwa hapa, na ilibidi kwanza tuthibitishe miaka mitatu ya ukaazi halali wa mzazi kati ya minne iliyotangulia. Mtoto wa Boston, Marekani, mwenye nyanya mmoja aliyezaliwa Mayo, Ayalandi, anajiandikisha uraia, basi. Simwonei wivu. Wakati wa njaa kuu, kuanzia 1845, watu kama milioni moja walikufa na wengine milioni wakaondoka, na wajukuu wao wana haki ya kutafuta walikotoka. Nasema tu, yule kijana wa Nakuru akitaka kuuliza habari za babu yake, aulize bila aibu. Rangi yake haimfanyi mjukuu nusu.

Jibu langu nimelipata kwa hawe. Kwetu kuna koma na kuna kaya. Koma ni za ukoo. Anayezimwagia tembo la mnazi na kuzitaja ni mwenye nazo, na jirani hata awe mwema vipi hawezi kuja uani kwako akazilisha za kwenu. Kaya ni mahali. Msitu una masharti yake na wazee wake, na mgeni anaingizwa kwa kibali, anafuata masharti, hang'oi kitu, anatoka na heshima yake. Ukichanganya haya mawili umekosea pande zote mbili.

Ayalandi nayo iko hivyo. Kisima, mlima, mti wa miiba wa peke yake katikati ya shamba, hivi ni vya mahali, na mahali panamhusu yeyote anayeishi pale na kunywa maji yake. Mwaka 1999 huko Latoon, Clare, msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan aliusemea mti mmoja wa namna hiyo uliokuwa kwenye njia ya barabara kuu mpya. Mti haukukatwa. Ukikaa Clare, mti ule unakuhusu hata kama ulifika juzi. Lakini makaburi ya watu, majina ya familia zao, maombolezo ya njaa yao, hayo usiyavae. Usijitungie nyanya wa Kerry. Usijipe jina la kale kwenye Facebook ukajiita kuhani. Nimewaona Waafrika wenzangu wakifanya hivyo kwa upweke, na upweke wao naujua, ila jambo hilo haliwasaidii.

Na ukumbuke sisi tumewahi kuibiwa. Vigango vyetu, zile nguzo za ukumbusho wa wazee wa chama cha Gohu, viling'olewa usiku vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia kwenye makavazi ya Marekani kama mapambo. Anayejua uchungu huo hawezi kubeba jiwe la kisimani akaliweka kwenye kabati lake Nairobi. Hata jiwe dogo. Liache.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia anza na lugha kabla ya mishumaa. Waayalandi walinyang'anywa yao kwa njia tunayoijua. Watoto walivalishwa kijiti shingoni, bata scóir, na kila neno la Kiayalandi lililowatoka likakatiwa alama kwenye kijiti, kisha wakachapwa kwa hesabu ya alama. Mimi nilivaa monto, alama ya aibu ya shuleni, darasa la nne kwa kusema Kigiriama, kamba yake ilinuka jasho la wote walioivaa kabla yangu. Nilipomsimulia hili mwalimu wangu wa jioni wa Kiayalandi alinyamaza muda mrefu, kisha akafuta ubao akaandika neno moja: dúchas. Ni urithi, ni asili, ni mahali unapotoka, yote pamoja. Pia ni jina la tovuti, duchas.ie, ilimowekwa kazi ya watoto wa shule kama 50,000 waliotumwa kati ya 1937 na 1939 wakawaulize wazee wao habari za visima, dawa, mizimu na sikukuu. Soma hizo kabla ya kumlipa mtu anayekuuzia kozi ya siri za madruidi, wale makuhani wa kale. Madruidi hawakuacha kitabu. Tulichonacho kiliandikwa na watawa wa Kikristo karne nyingi baadaye, pamoja na kilichokaa midomoni mwa wazee wa vijijini.

Jihadhari pia na makundi yanayotumia alama za kale kuhubiri ubaguzi. Baada ya ghasia za Dublin za Novemba 2023 dhidi ya wahamiaji nilijitoa kwenye mawili. Mtu akianza na habari za usafi wa damu, usibishane naye, toka.

Mimi niliingizwa na bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake. Mwisho wa Januari alimtuma mpwa wake ang'oe nyasi ndefu za majimaji, luachair, akasisitiza zing'olewe kwa mkono, kisu kisiguse. Unashika unyasi mmoja wima. Wa pili unaukunja katikati ukaupandisha juu yake, unauvuta, unazungusha robo, unaongeza mwingine juu ya mikunjo miwili. Kati inajaa polepole, mikono minne inachomoza. Nilikua nikisuka ukili, kwa hiyo vidole vyangu vilielewa kabla yangu, na bibi akacheka akasema nimewahi kuusuka msalaba huu mahali. Amefariki sasa. Jina lake silitaji ninapotaja wazee wangu, yeye ana wanawe. Ila kila mwaka nasuka mmoja nampelekea binti yake.

Wazee wangu nawataja nyuma ya nyumba. Nilimpigia simu baba mkubwa kumuuliza kama inafaa huku mbali, akaniambia nisimwage kwenye simenti, nitafute udongo. Mnazi haupatikani, namwaga chai. Mama yangu ni mtu wa kanisa na hapendi, tumekubaliana tusilizungumze Jumapili.

Tangu 2023 sikukuu ya Brigid ni mapumziko ya taifa, lakini la muhimu ni usiku wa tarehe 31 Januari, watu wanapoacha kitambaa nje ili apite akiguse. Brat Bríde. Hukitunza mwaka mzima kwa kichwa kinachouma au uzazi mgumu. Mwaka huu mwanangu alitoa leso ya hawe, ile ya pamba iliyopauka, akaitundika kwenye ua wa miti mbele ya nyumba. Asubuhi tuliikuta imeganda, imesimama kama ubao, umande umekuwa barafu juu ya maandishi. Tuliibeba ndani kwa mikono minne isije ikakatika kwenye mikunjo, tukailaza mezani, tukakaa tukiangalia inavyolainika.